Fundi na Faneli Lake la Bati

Kuna watu Mbagala mpaka leo ukiwauliza habari za Fundi wanacheka. Mmoja atakwambia alikuwa anaiba intaneti. Mwingine atakwambia lile faneli lake la bati lilikuwa la kukingia mvua. Yupo na mmoja, simtaji maana nikimtaja sitamaliza bila tusi, alikuwa akipita mbele ya fremu zetu anapaza sauti, "Fundi, Mungu kashakujibu?" Hao wote nimegombana nao. Wengine mara mbili. Sasa naandika, maana mdomo nimeutumia sana na haujatosha.

Kazaliwa wapi, baba yake nani, kabila gani, sijui na sikuwahi kuuliza. Mie nilimkuta tayari ana mvi, tayari ana koti la bluu lenye mfuko uliotobolewa na solda. Nasema "alikuwa" kwa sababu pale Mbagala hayupo tena, msinielewe vibaya. Fremu yake ilipakana na saluni yangu, ukuta mmoja. Yeye anatengeneza redio na TV, mie nasuka na kuseti nywele. Juu yetu kulikuwa na slebu ya zege, maana mama mwenye nyumba alitaka kupandisha ghorofa, pesa ikakata njiani, zikabaki nondo zimesimama kama nywele ambazo hazijachanwa. Huko juu ndiko Fundi aliweka faneli lake.

Lilikuwa mabati manne, yamekatwa na kuungwa, mdomo mpana unatazama juu, chini kumebanwa. Mtu mzima angeweza kukaa ndani akikunja miguu. Kule chini kulikobanwa aliunganisha galoni la bati la thina, na ndani ya galoni akasimamisha kipande cha waya wa shaba chenye urefu wa kidole gumba. Hapo inatoka amplifaya ndogo kama kiberiti, waya unashuka mpaka dukani, unaingia kwenye kile kidude ambacho watu wanachomeka kwenye laptop waangalie TV. Laptop yenyewe nzee, herufi M ilishang'oka. Basi. Hicho ndo kilikuwa kituo chake cha utafiti wa anga. Watu wanaofanya kazi hiyo nchi za wenzetu wana masahani makubwa kuliko uwanja wa mpira. Yeye alikuwa na galoni la thina.

Na kilifanya kazi. Hapo ndo wabishi wanaponyamaza.

Siku aliyonieleza kinachosikika humo nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi, nasuka twende kilioni, mlango wazi kwa ajili ya joto. Fundi kasimama kizingitini na kikombe cha chai. Akaniambia katikati ya nyota siyo patupu. Kuna gesi. Haidrojeni, nyepesi kuliko kitu chochote, imetanda baina ya nyota kwa umbali ambao hata mwanga unachoka njiani. Na kila punje ya hiyo gesi inatoa mlio wa redio, mlio mmoja, masafa yale yale, iwe hapa jirani au kule ukingoni kwa Njia Nyeupe, hii galaksi yetu. Ila punje moja inaweza kukaa mamilioni ya miaka ndo itoe mlio wake.

"Mamilioni? Sasa wewe unausikiaje, Fundi? Unasubiri?"

"Ziko nyingi, Binti Saluni. Zikishakuwa nyingi kiasi hicho, hakuna sekunde ambayo hakuna inayoita."

Nikaacha kusuka. Mteja akasema, "Dada, vipi?" Nikamwambia tulia. Nilikuwa nafikiria kwamba hicho kitu kilikuwa kinaingia kwenye kichwa chake, na changu, na kwenye ndoo ya maji, muda wote huo, mchana kweupe, na jirani anakaanga mihogo nje. Maana haihitaji giza, hiyo. Haihitaji anga safi. Mawingu ya masika inayapita kama mtu anayepita kwenye pazia.

Ndo maana Fundi mwenyewe hakuwahi kuangalia nyota. Hili watu hawaamini. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na akishaswali isha analala. Siku moja nilimwomba anionyeshe Nge ni nyota zipi, akanikunjia uso. "Mie fundi redio. Nyota za macho kaulize wenye macho."

Kitu alichokuwa anakitaka kilikuwa kimoja tu, na nawaambia mapema ili mjue kwa nini nilikuja kufanya niliyoyafanya. Alitaka kuikamata dunia ikitembea.

Alinieleza hivi. Lori likija Kilwa Road linapiga honi, honi inakuwa kali. Likishakupita, honi ile ile inakuwa nzito. Dereva hajabadilisha kitu, ni mwendo tu. Sasa, iko sehemu Njia Nyeupe imejaa gesi kupita zote, pale mkia wa Nge unapokaribiana na nyota za Mshale. Mwezi wa tatu dunia inaielekea sehemu hiyo. Mwezi wa tisa inaikimbia. Ukiupima ule mlio mwezi wa tatu, halafu ukaupima tena mwezi wa tisa, kwa faneli lile lile lililoinama pale pale, lazima uwe umeshuka. Na kiasi ulichoshuka ndo mwendo wa dunia.

"Lakini Fundi, kila mtu anajua dunia inazunguka jua. Hata mtoto wa darasa la tatu."

"Anajua kwa kuambiwa," akasema. "Mie nataka kwa kupima."

Alishajaribu miaka miwili ikamshinda. Mwaka wa kwanza alipata mstari wa mwezi wa tatu, maana kwenye laptop ule mlio unajichora kama mstari, upepo wa kipupwe ukalibeba faneli likaenda kulalia paa la jirani. Mwaka wa pili alifika mpaka mwezi wa tisa, mpwa wake mama mwenye nyumba akaona bati safi limeinama vizuri kwenye jua, akaanika makopa. Muhogo, jamani. Kalisogeza ili lipate jua zuri zaidi. Fundi alipopanda na kukuta muhogo umelala ndani ya chombo chake cha kupimia galaksi, alishuka, akafungua redio ya mtu, akaanza kuitengeneza. Mie ndo niliyepanda kugombana, na yale makopa sitawaambia yaliishia wapi.

Mtu huyo huyo, mvumilivu hivyo, alikuwa muongo. Simfichi. Mteja akileta TV: "Njoo kesho." Kesho yake: "Spea imechelewa, njoo kesho." Kuna baba mmoja redio yake ilikaa pale mpaka mwanawe aliyekuwa tumboni akaja kuichukua anatembea. Fundi alikuwa anadanganya bila hata kupepesa macho, huku solda inafuka. Halafu mtu huyo huyo akipima mlio wa gesi anaandika kwenye daftari saa, dakika, sekunde, mawingu, joto, nani kawasha nini, na akikosea anakata mstari mmoja tu juu ya kosa ili lisomeke. "Kosa lisifutwe," alisema. "Litakuja kuuliza lilipo."

Alikuwa mchoyo wa chai pia. Anakunywa mbele yako, anakuangalia, hakukaribishi. Feni ya dukani kwake ilikuwa mbovu tangu namjua. Timu yake ikifungwa hafungui duka. Mie nampenda hivyo hivyo.

Tulianza kujuana kwa ugomvi. Nilikuwa na miezi michache tu pale, sijui hata anafanya nini huko juu. Jioni moja kaingia saluni na daftari, hajavua hata miwani ya solda.

"Binti, hiyo drya yako unaiwashaga saa ngapi?"

"Shikamoo kwanza," nikamwambia, maana ye ndo alisahau kunipa nafasi ya kuamkia. "Na umeme nalipa mwenyewe, kama ni ishu ya luku uniambie."

"Marahaba. Saa ngapi?"

"Jioni! Watu wakitoka kazini! Kwani saluni inafunguliwa saa ngapi mbinguni?"

Akaandika. Akashukuru. Akaondoka. Nikabaki na hasira yangu haina pa kukaa.

Baadaye ndo nikajua. Kumbe yeye wiki tatu nzima alikuwa anaona mstari wake unapanda kila jioni saa kumi na moja. Kila siku. Akafurahi, mzee wa watu. Akaenda kwenye benchi la muuza kahawa, pale wanapokaa wazee wenzake na vijana wasio na kazi, akawatangazia kuwa kapata wingu kubwa la gesi. Wakampongeza, wengine kwa kejeli. Akanunua kahawa ya watu wote, yeye, yule mchoyo.

Halafu usiku hakulala. Kuna kitu kilimkera, akarudi kwenye daftari. Nyota, alikuja kunielewesha, haziji saa ile ile kila siku. Zinawahi dakika nne. Leo ikipita saa kumi na moja kamili, kesho itapita saa kumi na dakika hamsini na sita. Mwezi ukiisha imeshawahi masaa mawili. Lile wingu lake halikuwahi hata sekunde. Lilikuwa linakuja saa kumi na moja, linapumzika Jumatatu, na Ijumaa linachelewa kuondoka. Lilikuwa drya yangu. Mota yake ikizunguka, faneli linaisikia kama redio inavyosikia radi.

"Kitu cha watu kinafuata saa," aliniambia. "Kitu cha juu kinawahi."

Mtu mwingine angekausha. Nani angejua? Fundi alirudi kwenye benchi lile lile la kahawa, saa ile ile wamejaa, akasimama. "Lile wingu nililowaambia," akasema, "ni saluni." Jamani, walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa mapajani. Kwa miezi wakawa wananiita Dada Wingu. Mie nikaenda pale nikawatukana wote, mmoja mmoja kwa mpangilio. Fundi akanivuta mkono. "Waache. Wamecheka kitu cha kweli."

Tangu siku hiyo nikawa namfuata. Sikufundishwa, naomba ieleweke, Fundi hakuwa mtu wa kufundisha. Shule niliishia form two. Nilijifunza kwa kubishana naye. Nikipanda juu nikishuka na maneno mengi, "Fundi, nimeona mstari umepanda hapa," ananikatisha: "Usiniambie umeona nini. Niambie umeondoa nini." Nimeondoa drya. Nimeondoa simu yangu. Nimeondoa mashine ya kusaga ya kona ile. Nimeondoa mwendesha bodaboda anayepaki chini na spika yake ya singeli. "Na jua?" Nimesahau jua. "Basi bado hujaona kitu." Nikapakua vitabu kwenye simu, nikawa nasoma wateja wakiwa chini ya drya, naruka maneno nisiyoyajua, narudi. Mpaka leo nikiona kitu chochote kwanza najiuliza nimeondoa nini. Hata kwa wanaume.

Kulikuwa na wale waliomdhania mnajimu. Si unajua watu wa pwani na falaki, mtu akisikia nyota anataka kusomewa yake. Wanakuja na jina la mama, wanaulizia safari, wanaulizia biashara, vijana wanaulizia mkeka wa kubeti. Anawafukuza. "Nyota yako ipo, na wewe upo, hamjuani." Ila kuna dhambi moja aliifanya, nami ndo niliyeumia. Mama mmoja alikuja kuuliza tarehe ya harusi ya mwanawe. Fundi akamtazama, akaangalia daftari, akakunja uso kama sheikh mkubwa. "Jumamosi hiyo siyo nzuri kabisa. Nendeni Jumanne." Wakaenda Jumanne. Mie Jumamosi hiyo nilikuwa nimeshawekewa oda ya vichwa kumi na moja, bibi harusi na wasimamizi na mashangazi, drya kuanzia asubuhi. Yeye alikuwa na kipimo chake Jumamosi.

Nilipojua nilimfuata dukani na kitana mkononi. "Fundi! Umewadanganya watu kwa nyota!"

"Sikusema nyota ya nani," akasema.

Hakuomba radhi. Ila siku ile, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, alinimiminia chai.

Mwaka wa tatu wa jaribio lake nilikuwepo tangu mwanzo. Safari hii alilifunga faneli kwa waya kwenye nondo nne, akapiga mstari wa rangi kwenye zege kuzunguka miguu yake, akaandika kwa mkaa HALIGUSWI. Limeinama kusini kidogo, pale ile sehemu ya Nge na Mshale inapopita juu. Mwezi wa tatu inapita asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hivi. Nilikuja kabla ya jua, nimevaa kitenge juu ya nguo ya kulalia. Tumekaa kwenye fremu yake, mlango nusu, laptop juu ya TV iliyofunguliwa tumbo.

Kwanza kuna mstari umelala, unatetemeka tu. Ile ni kelele ya kila kitu, aliniambia, hata ya joto la hilo bati. Halafu katikati ukaanza kuvimba. Taratibu. Huwezi kuona unavimba, unaona tu umeshavimba, kama unga wa maandazi. Baada ya dakika kumi ilikuwa nundu kamili, kama ya ng'ombe, imesimama peke yake mahali pale pale vitabu vilisema itasimama.

"Hiyo nini?" nikamuuliza, na najua ni nini.

"Hiyo ndo yenyewe."

"Imetoka lini huko?"

"Nyingine kabla mtu wa kwanza hajalima shamba."

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja, chwaa, chwaa, na gesi iliyo katikati ya galaksi ilikuwa inajichora kwenye laptop isiyo na M. Fundi alihifadhi mstari, akauchapisha kwa mwenye stationery, akaubandika ukutani kwa gundi ya viatu. Chini yake akaacha nafasi wazi ya karatasi nyingine. Hiyo ilikuwa ya mwezi wa tisa.

Mwezi wa saba akaanguka. Nilisikia kitu kimedondoka upande wa pili wa ukuta, nikadhani TV. Nilimkuta sakafuni, solda bado ya moto mkononi, mdomo umeenda upande. Kiharusi. Tulimpeleka hospitali tukiwa watu watatu kwenye bajaji ya watu watatu, yaani watano na dereva na Fundi. Aliishi. Upande wa kushoto ukawa mzito, maneno yakawa yanatoka moja moja. Binti yake, mwalimu wa sekondari anayekaa Kunduchi, akaja kumchukua. Dada mstaarabu, mpole, tofauti na mie. Wakati wanamwingiza kwenye gari, Fundi hakuaga. Alininyooshea kidole, kisha akakinyoosha juu, kwenye slebu.

"Anasemaje?" binti yake akaniuliza.

"Ananipa kazi," nikamwambia.

Wiki haikuisha, mama mwenye nyumba kaja. "Mwenye duka kaondoka, hilo bati nalo lishuke, nataka kumpangisha mtu huku juu aanike nguo zake." Nilianza vibaya, nikapandisha sauti, naye akapandisha. Halafu nikakumbuka kazi niliyopewa, nikameza hasira, nadhani ni mara yangu ya kwanza kuimeza. Nikamwambia mama, mpaka mwezi wa kumi nitakusuka bure, mtindo wowote. Akanitazama. "Mpaka rasta?" Mpaka rasta.

Mwezi wa tisa ile sehemu inapita jioni, saa kumi na mbili na dakika chache. Ndo muda saluni imejaa. Nikawa nafunga saa kumi na moja.

"Sista, unafunga Ijumaa jioni?"

"Nafunga."

"Kwa ajili ya nini?"

"Gesi."

"Gesi? Ya mtungi mdogo au mkubwa?"

Walicheka. Niliwaacha wacheke. Niliomba mwenye mashine ya kusaga apumzike dakika ishirini, nikamlipia soda yule wa singeli. Jioni ya kwanza umeme ukakatika. Ya pili ukakatika. Ya tatu laptop ikazima yenyewe nundu ikiwa ndo imeanza, nikalia, kwa hasira, siyo kwa kingine. Ya nne nikapata, lakini mbaya! Mstari umejaa miiba, katikati kuna pengo ambapo kitu kiliwaka mahali nisipopajua. Ya tano na ya sita afadhali kidogo. Nikazichanganya zote tatu kama alivyokuwa anafanya, kelele ikapungua, nundu ikabaki.

Imesogea. Hata kwa macho, imesogea.

Ila sikuridhika. Vitabu vinasema ukitoa mwezi wa tisa kwenye mwezi wa tatu, tofauti ya mwendo iwe kilomita sitini kwa sekunde, thelathini za kwenda na thelathini za kurudi. Mie nikipima katikati ya nundu yangu napata hamsini na mbili. Nikarudia. Hamsini na moja. Hamsini na mbili. Nikakaa saluni peke yangu, taa moja, nikachukua penseli na rula. Nawaambia hili kwa sababu Fundi alisema kosa lisifutwe. Nilichora mstari mpya. Laini, mzuri, nundu imesimama kwenye sitini kamili. Nikajiambia mzee mgonjwa, miaka mitatu kasubiri, nani ataumia? Ulikuwa mzuri kweli. Ulikuwa mzuri kuliko wa kwake wa mwezi wa tatu.

Na hapo ndo nikaona aibu. Nilimpenda mtu aliyesimama mbele ya benchi zima la kahawa akasema ni saluni, halafu mie nampelekea uongo wa rula? Nikaikunjakunja ile karatasi, nikafungia ndani yake nywele zilizoanguka sakafuni, nikatupa jaani.

Jumapili nikaenda Kunduchi na ule mbaya.

Alikuwa chumba cha mbele, kakaa kitandani, mito nyuma. Kakonda. Koti la bluu limetundikwa msumarini, limefuliwa, sikuwahi kuliona safi. Nikamwamkia. "Shikamoo, Fundi." Aliitikia kwa kichwa kwanza, neno likafuata nyuma.

Binti yake akatuacha, akaenda jikoni.

Nilitandaza karatasi mbili juu ya mapaja yake, ya mwezi wa tatu niliyoibandua ukutani na ya kwangu. Akavaa miwani kwa mkono mmoja. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Mie nikaanza kujitetea kabla sijaulizwa, umeme ulikatika, laptop ilizima, pengo hilo sijui ni nini.

Akanyanyua mkono.

"Imewahi?" akauliza. "Dakika nne?"

"Kila siku. Nilianza kuifuatilia tangu mwezi wa nane. Haikukosa."

"Umeondoa nini?"

Nikamtajia. Drya, mashine, singeli, simu, taa. Na jua. Alikubali kwa kichwa kila nilipotaja. Kisha akaweka kidole juu ya nundu ya mwezi wa tatu, akakiburuta mpaka kwenye nundu yangu.

"Ngapi?"

"Hamsini na mbili, Fundi. Kitabu kinasema sitini. Nimerudia na kurudia."

Upande wa uso wake uliokuwa hai ukacheka. "Ingekuwa sitini kamili," akasema, polepole, neno kwa neno, "ningekuuliza umenakili wapi."

Nikageuka dirishani nijifanye naangalia kitu. Aliniacha. Nilipogeuka tena alikuwa bado kaishika ile karatasi mbaya, anaipeleka mbele na nyuma kwenye mwanga.

"Umetumia muda gani," akauliza, "kuja hapa?"

"Masaa mawili na nusu. Foleni."

"Mbagala mpaka hapa." Alipumzika, akavuta pumzi. "Kama kilomita thelathini. Dunia inakwenda hiyo kwa..." Akanyanyua kidole kimoja.

"Saa moja?"

Akatikisa kichwa, hapana.

"Dakika?"

Hapana.

Nikakiangalia kile kidole. "Sekunde moja, Fundi?"

"Sekunde."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Umeipima mwenyewe."

Nje khanga zilikuwa zimeanikwa, hazitikisiki. Kuku kalala kwenye kivuli cha ndoo. Kikombe cha maji kilikuwa juu ya stuli pembeni ya kitanda, maji yametulia kimya, hata duara moja hakuna. Nilihesabu kichwani, moja, na kwa hiyo moja tulikuwa tumeshafika mbali kama Mbagala, sote, na nyumba, na kuku, na mgonjwa na kitanda chake. Mbili. Tatu.

Nikamwona Fundi anasogeza mkono wake mzima taratibu juu ya shuka, mpaka ukafika ukingoni mwa kitanda. Akaushika ukingo. Akaushika kwa nguvu, mishipa ya mkono ikasimama. Alikuwa hatanii. Na mie, sijui saa ngapi, nilikuwa nimeshika nondo ya dirisha kwa mikono yote miwili.

Binti yake akaingia na bakuli la uji, akasimama mlangoni anatutazama.

"Nyie," akasema, "mnashikilia nini?"